Jasho la Jiwe

Hapa Orvelin hatusemi kasri lilijengwa.
Twasema lilichokolewa,
kama uboho unavyochokolewa mfupani
na mtu mwenye njaa.
Miaka sitini na mmoja ya patasi na nyundo,
wafalme watatu wakafa wakisubiri vyumba vyao,
hadi mlima Haskur ukawa na kumbi, na ngazi, na jiko,
na madirisha mia mbili na kumi yanayotazama theluji.

Mimi ni mfuta jasho.
Mlima hutoka jasho, hasa theluji inapoyeyuka,
na kazi yangu, kama ya mama yangu Ildreth,
ni kupita alfajiri na kitambaa cha sufu
nikikausha kuta kabla Mfalme hajaamka.
Ukumbi wa enzi: ndoo mbili.
Chumba cha Malkia: ndoo na nusu.
Hazina haina hata tone.
Labda dhahabu hunywa.

Nikimaliza nashuka ngazi elfu moja na mia nne
hadi kijijini Dolvesh,
ambako kila kizingiti, daraja, hori la mbuzi,
na kaburi la babu Tovrik, aliyekohoa vumbi mpaka akaisha,
ni jiwe lililotoka huko juu.
Wachongaji hawakulipwa fedha, walilipwa vifusi.
"Chukueni," waliambiwa,
kwa sauti ya mtu anayetupa maganda.
Wakachukua.
Nami nikikamua sufu hupiga hesabu:
wanaokaa ndani ya mlima ni sisi.
Mfalme anakaa ndani ya tundu.

Mwezi uliopita, nyuma ya kiti cha enzi,
kitambaa kilinasa.
Ufa. Mwembamba, wa kupitisha punje ya shayiri.
Nikatia punje moja, nikanyamaza.
Juma lililofuata zikaingia tatu, bega kwa bega.

Jana Mfalme Hadrevan alinikuta nimepiga magoti pale.
Alikuwa na vazi la kulalia na soksi moja,
mzee kuliko sura yake kwenye sarafu.
Akainama kwa shida, akatia kidole cha mwisho.
Kikazama hadi pingili ya pili.
Hakupiga kelele, wala hakuita walinzi.
Aliuliza tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani,
"Jiwe la mahali hapa lilikwenda wapi?"

Swali hilo kwetu hata mtoto angelijibu.
Kila nyumba inajua mawe yake yalitoka chumba gani.
"Ni figa la mama yangu, bwana.
Lile la kushoto."

"Lirudishwe."

Nilikamua kitambaa kwanza.
Maji yakalia ndani ya ndoo, na mahali fulani
ndani ya ukuta kitu kikaitikia, kidogo,
kama mtu anayegeuka usingizini.
Sote wawili tulisikia.

"Saa hizi lina moto," nikasema,
"na chungu kiko juu yake.
Njoo ule, bwana. Ni uji wa shayiri.
Lakini vaa soksi ya pili, kuna ngazi nyingi."