Unga Usoni

"Mama Nduku, una unga usoni,"
asema Okumu, fundi wa nyaya,
akingoja chapati zake mbili na maharagwe.
Nacheka. Najifuta kwa mgongo wa mkono.
Hautoki.
Unga hutoka.

Ni mwezi wa saba, Pipeline.
Jua halishuki hadi chini, linaishia orofa ya nne.
Baridi inapita kati ya majengo kama kabaila wa ploti,
inabisha kila mlango,
na ngozi yangu imefungua:
pembeni mwa pua, juu ya kope,
chini ya mdomo, pale tabasamu linapojikunja.

Ushauri haukunipungukia.
Jirani aliniletea ndimu,
nililia hadi mtoto akaamka.
Wifi yangu akaja na kopo lisilo na jina,
kifuniko cha dhahabu, kutoka River Road:
wiki moja nikawa na uso wa bibi harusi,
wiki ya pili, uso wa mtu aliyemwagiwa chai.
Mwingine akasema ni jicho la watu.
Jicho gani hilo, nikamuuliza,
linaloona kope zangu
na kuikosa biashara yangu?

Daktari Kemunto hakushtuka.
Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza.
Akasogeza taa, akauliza naoga maji gani.
Ya kisima cha ploti, nikasema, yale ya chumvi,
yanayoacha weupe ndani ya birika.
Na sabuni? Ya mche, hiyohiyo ya kufulia.
"Ya moto?"
Moto kabisa, daktari. Ndiyo yanayonyamazisha mwasho.
"Yananyamazisha," akasema, "kama mkopo."

Akaandika: ukurutu.
Neno lenye kokoto ndani yake.
Hautapona kama mafua, akasema, utautunza.
Akaniandikia na dawa ya kopo dogo,
ya siku chache tu, nyembamba, si ya kujipodoa.
Mengine aliyosema niliyaacha mlangoni mwa zahanati,
maana nilikuwa nahesabu nauli.

Nikayakuta saa kumi alfajiri, kwenye karai.
Nilikuwa nimesahau kufunika donge.
Limefanya ganda juu, na nilipolisukuma
likapasuka pembeni, mstari mwekundu tu ndio haukuwepo.
Nikasimama hapo, mkono umejaa mafuta.
Miaka kumi na moja nimejua hili:
lipake likiwa bado na unyevu,
lifunike, liache lipumzike,
usilisugue kwa hasira.
Miaka kumi na moja, na uso wangu
sijawahi kuufanyia heshima ya chapati.

Sasa kila Jumanne na Ijumaa
Musyoki wa mkokoteni ananiuzia mtungi wa maji matamu.
Mtungi huo ni wa uso.
Hata mgeni akija, chai haiguswi kwa maji hayo.
Vuguvugu, si moto. Viganja viwili, si kitambaa.
Na kabla hayajakauka, mafuta mazito,
yasiyo na waridi, yasiyo na limau,
yasiyoniahidi weupe wala mume.
Kucha nimezikata hadi nyamani.
Jiko nimeligeuza, mvuke uende kwa ukuta.

Kuna siku nzuri.
Kuna siku kama jana.

"Una unga usoni," Okumu akasema tena.
Si unga, nikamwambia. Ni mimi.
Akanyamaza. Akauliza bei ya chapati,
bei anayoijua tangu nianze kuuza.
Kisha akashusha mkono wa shati lake polepole,
mahali ambapo sikuwa nimewahi kutazama,
akaondoka na chenji yake yote mezani.

Usiku Nduku hupanda juu ya kiti,
kidole chake kidogo kinapita juu ya kope yangu
kama anafuta herufi aliyoikosea.
"Mama, usicheke," ananionya,
"utapasuka."
Nacheka.