Karani wa Isongole

Jumapili walinipa somo la kwanza, mimi,
karani wa mizani ya Mzee Mwasandube,
kwa kuwa mwinjilisti alikuwa akikohoa tangu Ijumaa
na ukungu wa Uporoto umeingia hadi madhabahuni.

Nikasoma habari za yule kijana wa Kiebrania,
mtoto wa makuhani wa kijiji kisicho na sifa,
aliyehesabiwa kabla mama yake hajahisi uzito.
Akajitetea kwa umri. Akajitetea kwa ulimi.
Akaulizwa anaona nini; akajibu, tawi la mlozi.

Mlozi tunayemjua huku hutembea usiku.
Mti tulio nao ni mfyulisi, nyuma ya choo cha kanisa,
nao hauna subira: huchanua ungali mkavu,
kabla ya jani, baridi ya Agosti ikiuma vidole.
Nilipofunga kitabu niliuona dirishani,
na kitu kikaniuliza, si kwa ngurumo,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
Wewe je, unaona nini?

Nikasema, naona mfyulisi.
Kikasema, tazama tena.

Jumatatu. Lori limeinamia bonde.
Magunia ya viazi yamevikwa vilemba, lumbesa,
gunia juu ya shingo ya gunia.
Mwaka wa sita huu kazi yangu ni moja:
mizani husema yake, mimi huandika mia.

Nilijitetea. Nilisema nina deni la bati.
Nilisema mimi si mzee wa kanisa, wala diwani.
Nilisema mdomo huu uliungua utotoni,
mama aliponilisha kiazi cha majivuni bila kukipuliza,
na kovu lake hadi leo huniponyoshea maneno.
Hakuna aliyenijibu.
Kovu tu, likaanza kupata moto.

Gunia la Bi Tusekile likapanda.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Nikafungua kinywa niombe kalamu,
kikatoka kilichotoka:
"Mia na arobaini na mbili."

Sikupaza sauti. Lakini wapakiaji walisimama,
sindano ya kushonea ikabaki hewani na uzi wake.
Mzee Mwasandube akavua kofia, akaivaa tena.
"Umesemaje?"
Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa rahisi,
na urahisi huo ndio ulionitisha.

Nilidhani akina mama watapiga vigelegele.
Bi Tusekile alinitazama kama mtu aliyemwaga maziwa.
"Mwanangu, lori likiondoka tupu,
viazi hivi utavila wewe?"

Kumbe somo lile lilikuwa na mwisho wake.
Mimi niliishia pale mwinjilisti
alipoweka alama ya penseli.

Lori limeondoka nusu.
Niko jikoni, sina kazi, nachokoa kiazi majivuni,
nakipuliza, nakipuliza.
Namba ile bado iko mdomoni.
Haijapoa.