Mlango wa Bafuni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimempa kumi na nne,
bafu zima, na blanketi ambalo nitalichoma.

Aliletwa na Vakhtang wa reli
ndani ya sanduku la machenza,
mbavu zahesabika, ncha ya sikio imeliwa na baridi.
“Mchukue, Tsiuri. Usiku huu Kutaisi
hata mawe yanatetemeka.”
Nikamchukua.
Sikumbusu.

Gambuti za upande ule, ndara za upande huu,
katikati karai la maji ya klorini
lililonichuna vidole hata nanuka kama bwawa la kuogelea,
na kanisani watu husogea kidogo kwenye foleni ya mishumaa.
Wasogee.

Bakuli lake halijuani na mabakuli mengine.
Ana fagio lake, ana dekio lake.
Kinyesi chake nakisoma kama barua ya mahakama:
kigumu? rangi gani? kuna damu?
Kikiwa kigumu nasema ahsante
kwa sauti, peke yangu, nimeshika koleo.

Sebuleni wamelala wa zamani:
Mura, Jeka, na Basara, kizee asiye na meno.
Wote wamechanjwa. Kadi zao zi juu ya jokofu.
Hata hivyo.

Hata hivyo, Februari ile
nilikuwa na haraka ya kupenda.
Vitoto vinne kutoka nyuma ya soko;
niliviogesha karai moja, nikavikausha taulo moja,
nikavilaza lundo moja karibu na jiko la kuni
nikasema, tazama joto lilivyo rahisi.
Usiku mmoja akatapika.
Alfajiri, wote.
Daktari Eteri alitundika dripu kwenye taa ya jikoni,
nne, kama nguo za mtoto kwenye kamba,
na tulikaa chini yake siku tatu bila kuzungumza.

Nilichimba kwa shoka, maana ardhi ilikataa jembe.
Eteri akafuta miwani.
“Parvo haijali baridi. Sabuni yako inaichekea.
Usilete kitoto kwenye ua huu mpaka mwaka uzunguke.”
Hakusema ni mikono yangu iliyoibeba
kutoka kwa wa kwanza hadi wa nne.
Alikunywa chai yake, akaosha kikombe mwenyewe,
akakiosha tena.

Basi Nanuli wa ghorofani aliposhuka na blanketi
la mbwa wake aliyekufa vuli,
nililipokea kwa vidole viwili
nikalitumbukiza kwenye maji yanayochemka
mbele ya macho yake.
Sasa hanisalimu.
Nimwambieje, Nanuli,
uchafu ninaouogopa hauna rangi
na mara nyingi huja umebebwa na mtu mwema?

Siku ya saba akaja Saba, mjukuu wake,
akalala kifudifudi koridoni na kipande cha soseji,
akanong'ona kwenye upenyo chini ya mlango.
“Anaitwa Bombora,” akaniarifu.
Mimi sikuwa nimempa jina.
Kwa makusudi. Jina nalo huambukiza.
Nikampeleka kwenye sinki.
Akaosha hadi viwiko, kwa bidii, ulimi nje,
kisha akauliza: “Kwani mgonjwa ni mimi?”

Sijapata jibu la kumtosha mtoto wa miaka sita.
Nilimkausha mikono. Soseji tukaigawana.

Leo ni usiku wa tisa.
Anakwaruza, anaacha, anakwaruza.
Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ubao,
namsomea bili ya gesi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu.
Nikifika kwenye deni anatulia;
kitu kinagonga upande ule, polepole,
huenda ni mkia, huenda ni kiwiko cha mnyama anayejilaza.

Bado siku tano.
Narudia bili toka mwanzo.