Herufi Ndogo

Kutaisi, Januari. Hita inakohoa.
Video kumi na moja nimezitazama,
kijana anatabasamu, "Bofya hapa, basi, umemaliza";
nami nikabofya,
na mitungi sabini na mitatu ya mvinyo wa baba
ikatoweka kwenye orodha kama mvuke wa chai.

Malkhazi, mdogo wangu, akasema: tafuta video nyingine.
Nikazima sauti zote.
Nikafungua mwongozo wa wenyewe walioiunda programu,
mkavu, hauna salamu,
hauniiti rafiki.

Neno moja, kamusi. Sentensi moja, chai imepoa.
Nikasoma hata nisiyoyahitaji:
tarehe inavyotunzwa,
kwa nini sifuri na pengo si kitu kimoja.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Nikainama hadi chini kabisa ya ukurasa,
kwenye herufi ndogo kama ufuta:
*Amri hii hufuta bila kuuliza.*

Ilikuwepo. Siku zote ilikuwepo.
Aliyeiandika hakunijua,
na alinionya.

Kesho nitapiga magoti ghalani
nihesabu midomo ya mitungi iliyofukiwa,
mmoja mmoja, kwa kalamu.
Usiku huu bado nasoma.