Kipimo cha Maneno

Viatu nilivinunua Gikomba mwezi wa Januari,
mitumba, soli ya kushoto imelika upande mmoja
na mtu nisiyemjua, mzito wa kisigino.
Sikuwa nimekimbia tangu shule ya msingi,
labda kuukimbilia mlango wa benki ukifungwa.

Februari: nguzo ya taa hadi nguzo ya taa.
Machi: kutoka getini hadi kwa fundi wa baiskeli,
nikajifanya naulizia bei ya pampu ili nipate pumzi.
Juni, kilomita tano bila kusimama,
na Barasa, askari wetu, akanipigia saluti
kana kwamba narudi na kombe.

Julai, mistari miwili.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Ila furaha ilikuwa na kijiwe ndani, kama cha kiatuni:
mapafu haya nimeyasomesha nusu mwaka tu,
hata darasa la kwanza hayajamaliza,
na sasa niyatoe shule?

Nyanya yako alipiga simu kutoka Ugunja:
mtoto atatikisika.
Jirani wa ghorofa ya pili: atazaliwa na haraka,
hatakaa kitako hata kwa uji.
Mwenye duka la maziwa hakusema neno.
Alitazama tumbo, akatazama viatu,
akarudisha chenji pungufu.

Muuguzi Nanjala, miwani yake imeshikwa kwa plasta,
alinipima presha, akauliza kama kuna damu,
kama kuna kizunguzungu, kama kuna maumivu.
Hakuna.
“Basi kimbia, lakini ukiongea.
Sentensi ikifika mwisho, endelea.
Ikikatika, tembea.
Na siku mwili utakaposema basi,
usibishane nao, uje hapa.”

Kuongea na nani, saa kumi na mbili alfajiri,
Donholm yote imejifunika ukungu wa Agosti?

Nikaongea nawe.

Nikakwambia: hili ni shimo, lina umri kukuliko,
tunalipita kwa kulia.
Harufu hiyo ni hiliki, ni mandazi ya Mueni.
Ngurumo hiyo ni ndege, inashuka Embakasi
na watu waliolala vibaya.
Nikakwambia habari za babu yako wa Makongeni,
aliyeifuata reli kwa miguu hadi karakana,
miaka thelathini, kwenda na kurudi,
na hakuna siku aliyoyaita mazoezi.

Sentensi zilianza ndefu.
Mwezi wa tano zikapungua mkia.
Mwezi wa sita nilikuwa nasema:
Tazama. Kunguru. Maji. Ngoja.
Wasichana wawili wakanipita wakicheka, wepesi kama risiti,
nami nikasimama nyuma ya tangi la maji
nikalia, si sana, dakika moja hivi,
nikiililia ile kilomita ya tano
kama mtu aliyeibiwa simu mpya.

Kisha nikatembea.
Na nilipotembea maneno yakarudi, marefu,
nikakumalizia hadithi zote nilizokuwa nimezikata:
kile kisa cha mbuzi aliyepanda hadi darini,
jinsi baba yako alivyoposa akiwa na malaria.
Saa ya mkononi nimeigeuza, kioo chini.
Haijui tunachopima.

Sasa ni mwezi wa nane.
Odero hupiga magoti kunifunga kamba,
hufunga fundo la kufungia ng’ombe,
nami namwacha, maana siioni miguu yangu,
nasikia tu kwamba ipo.
Barasa ametoa kiti cha plastiki getini.
Tunazunguka maegesho, naye anahesabu kwa vizibo vya soda.
Jana alinidhulumu mzunguko mmoja. Nilimwambia.

Leo niliamua kulala.
Saa kumi na mbili kasoro ukanipiga mbavuni,
mara mbili, ukanyamaza,
ukapiga tena.

Haya, nimesikia.
Ngoja baba yako atafute kiatu cha kushoto.