Safu ya Nne

Nilifika Savelugu na mizani ya betri,
kipimajoto nimekivisha soksi kisivunjike,
na fomu ishirini zenye safu nne:
Karanga. Maji. Mafuta. Kilichopotea.

Mama Fuseina hakuniuliza nachunguza nini.
Aliuliza kama nimekula.

Alizikaanga karanga mchangani, akazipepeta,
maganda mekundu yakanata kwenye miwani yangu.
Mashine ya Tiyumba ikazisaga zikawa rojo
rangi ya ukuta ulionyeshewa,
naye akaketi, beseni katikati ya miguu,
akaanza kukanda.

Maji nyuzi ngapi? nikauliza
kwa Kidagbani changu cha sokoni.
Akarusha tone mgongoni mwa mkono, akatikisa kichwa: bado.
Mengi kiasi gani?
"Mpaka rojo likatae.
Likishiba maji hutema mafuta.
Hata wewe, ukishiba, utatema maneno."

Akakanda. Kivuli cha ghala kikahama.
Akakanda.
Kisha uto ukachomoza, haba,
kama jasho juu ya mdomo wa mtu anayedanganya,
halafu ukatuama wote, wa dhahabu,
akauteka kwa kibuyu bila kumwaga tone.

Nikapiga hesabu. Kilo kumi za karanga
hubeba mafuta kilo nne na nusu;
yeye amepata tatu na robo.
Nikaandika safu ya nne: moja na robo.
Ndiyo iliyotuletea, mwaka juzi, ile mashine ya skrubu,
ya buluu, ya msaada,
inayokamua mpaka mashudu yawe matofali.
Iko nyuma ya nyumba ya Rahinatu.
Kuku wanatagia ndani.

Maana mashudu ya Fuseina hayakutupwa.
Aliyaviringisha pete pete, akayakaanga
katika mafuta yale yale, akayapanga kwenye sinia.
Kulikuli. Za kuuza, za kuponda mchuzini,
na moja ya Wumpini, aliyekuwa anachelewa shule.
Nikaiona kilo yangu na robo
ikitoka mlangoni, inatafunwa, inakimbia.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri.

Lakini usiku, taa imeshushwa,
nilimwona akifunga vifundo vya mikono kwa kitambaa,
mkono wa kuume kwanza, akikaza kwa meno.
"Hiyo mashine yenu," akasema bila kunitazama,
"kukamua najua inakamua. Kukanda je?"
Sikuwa na jibu.
"Basi kapime hilo."

Nikafuta tarakimu. Nikaandika: mikono, miaka thelathini na moja.

Profesa kule Kumasi alizungushia wino mwekundu:
Hiki si kipimo.
Sikubishana. Ila fomu ile ninayo;
dole gumba lake liliigusa alipoipokea aione,
na pale palipoguswa karatasi imekuwa kioo:
ukiinyanyua kwenye mwanga
unasoma ukurasa wa pili.