Farumi

Zamani, Nahodha, farumi ilikuwa mawe.
Meli tupu ilijazwa mawe tumboni isije ikayumba,
na hapa Mwanza nani angekosa jiwe?
Jiwe hupandishwa, hushushwa, halizai.
Maji yanazaa.

Umefika saa moja usiku kutoka Port Bell, mtupu,
yaani mtupu wa shehena: tani themanini za maji umezibeba
kama mimba isiyotaka kuulizwa.
Makuli wamelala juu ya magunia ya mashudu,
wanakungoja wewe.
"Fungua nimwage," unasema. "Ziwa si ni hili hili?
Maji ya kule na ya hapa Igogo ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

Ndugu, sawa. Hata ndugu akitoka safari
hupiga hodi, hukung'uta viatu mlangoni.

Ndiyo maana bomba hili, nene kama paja la fahali,
linatoka ubavuni mwako hadi matangi yangu nchi kavu:
la kutulia, la mchanga,
na la taa ya zambarau isiyotazamwa kwa macho.
Umeme umekatika. Tunangoja.
Unataja jina la mkubwa fulani.
Nakupa kiti.

Hebu chungulia: tone moja, darubini, tochi ya simu yangu.
Huyu anayepepea nywele simjui.
Hiyo punje ni mbegu ya gugu; babu yake namjua,
alifika na ua zuri la rangi ya taa yangu, watu wakapiga nalo picha,
mwakani mitumbwi ya Igombe ikashindwa kutoka.
Na hako kanukta ni konokono mchanga.
Wote hawana tiketi.

"Na sangara je?" unauliza, umeketi vizuri sasa.
"Naye si aliletwa ndani ya ndoo?"

Hapo umenipata, Nahodha Byabato.
Bibi yangu Nyanzala aliwaita furu kwa majina,
majina kumi na matano; mimi nimebaki na manne,
na samaki wenyewe sijawaona.
Aliyewamaliza alikuja kwa ndoo, wanasema,
hakuna aliyemuuliza atokako.
Na ni huyo huyo baba yangu alimchuna minofu kiwandani
miaka kumi na tisa, vidole vimekufa ganzi kwa barafu,
ada ikalipwa, nikaijua darubini.
Nimesomeshwa na mgeni ili nizuie wageni.
Jibu sina. Nina bomba, mchanga na taa.

Saa tisa na robo umeme unarudi.
Maji yanapita mbele ya taa, na sisikii kitu kikifa.
Kuli mmoja anakohoa, anakunja shuka.
Naandika daftarini: tani themanini.
Kisha narudi kwenye kioo, kwa tone lile la jioni.
Yule mwenye nywele bado yumo,
anapiga makasia,
hajui amefika nchi gani.